Barua ya Wazi kwa Serikali ya Jimbo la Lualaba: Taa ya Buluu kwa Jicho la Paka

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Jimbo la Lualaba, kwa Waziri wa Jimbo mwenye dhamana ya kilimo, uvuvi na ufugaji, na kwa Ukaguzi wa Jimbo wa Kilimo, Uvuvi na Ufugaji, unaojulikana kwa kifupi chake cha Kifaransa, IPAPEL, mjini Kolwezi.

Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iliyotangazwa tarehe 18 Februari 2006, inataja katika kifungu chake cha 204 mambo yaliyo chini ya mamlaka ya majimbo peke yao, na miongoni mwa mambo hayo yamo kuwapangia vituo waganga wa mifugo ndani ya jimbo, kuandaa kampeni za afya ya wanyama, na kusimamia maabara, kliniki na zahanati za kazi hiyo. Barua hii inaelekezwa Kolwezi badala ya Kinshasa kwa sababu ya kifungu hicho. Hoja yake imefanywa finyu kwa makusudi: kwamba paka wa nyumbani aliyeumia jicho vibaya ndani ya komuni za Dilala na Manika za mji wa Kolwezi, au katika miji ya migodi inayozizunguka, aweze kutibiwa hukohuko Lualaba, siku hiyohiyo, na mtu aliyesomea kazi hiyo na mwenye vifaa vyake mkononi. Jicho limechaguliwa miongoni mwa viungo vyote kwa kuwa hakuna jeraha la mnyama mdogo linaloonyesha wazi zaidi tofauti kati ya mji wenye kliniki na mji wenye duka la dawa tu.

Konea ni kioo hai kilicho mbele ya jicho, tabaka angavu lenye unene usiofikia milimita moja, lisilo na mshipa hata mmoja wa damu, ambalo hulishwa kwa nje na machozi na kwa ndani na maji yaliyomo jichoni. Kukosa damu ndiko kunakoifanya ipitishe mwanga, na kukosa damu hukohuko ndiko kunakoiweka mbali na msaada wa mwili, kwa maana kidonge anachomezwa paka hufika konea kwa kiasi kidogo mno, ilhali tone linalodondoshwa juu yake hufika papo hapo. Ukucha wa paka mwingine, mwiba, ncha ya waya au chembe ya vumbi la kiangazi ikikwaruza tabaka la juu peke yake, seli za pembeni husogea na kuliziba pengo ndani ya wiki moja hivi. Ukucha ukizama hadi tabaka la kati, lililofumwa kwa nyuzi za kolajeni, mambo hugeuka, kwa kuwa bakteria waliokuja na ukucha hupata pa kujichimbia, na vimeng'enya vyao, vikichanganyika na vile vya chembe nyeupe za damu zilizokuja kupambana nao, huanza kuzila nyuzi zenyewe. Waganga huiita hali hiyo kuyeyuka kwa konea, na jina hilo halina chumvi: jicho lililokuwa na alama ndogo asubuhi laweza kuwa na ute wa kijivu kesho yake, na kutoboka ndani ya siku moja au mbili. Kinachobaki kabla ya kutoboka ni utando mmoja mwembamba uliopewa jina la Jean Descemet, daktari Mfaransa wa karne ya 18.

Kidonda cha namna hii mara nyingi hakionekani kwa macho matupu. Paka hufumba jicho, hutoa machozi, hujificha chini ya kitanda, na kope lake la tatu, yaani ule utando mweupe unaotoka kwenye pembe ya ndani ya jicho la wanyama wengi, hupanda na kufunika nusu ya jicho, hata mwenye paka akadhani kwamba ni mafua au uchafu. Kipimo kinachotenganisha kidonda na wekundu wa kawaida kina zaidi ya karne moja ya matumizi na bei yake ni ndogo. Ni fluoresini, rangi ya machungwa iliyotengenezwa kwa mara ya kwanza na mkemia Mjerumani Adolf von Baeyer mwaka 1871, ambayo huwekwa jichoni kwa kipande cha karatasi kilicholoweshwa, kisha jicho likasuuzwa kwa maji ya chumvi yaliyo safi. Tabaka la juu la konea likiwa zima huikataa rangi hiyo. Pale lilipochubuka, tabaka la kati huinywa, na doa hung'aa kijani kibichi likimulikwa kwa mwanga wa buluu. Mtaalamu huangalia pia kile kisichong'aa, kwa maana utando wa Descemet nao haunywi rangi, na kidonda chenye duara la kijani lenye kitovu cheusi kinamaanisha kwamba jicho limebakiza pazia moja tu kabla ya kupasuka.

Mwanga huo wa buluu, kwa desturi ya vyombo vya macho, hupatikana kwa kupitisha taa kwenye kioo kilichotiwa rangi kwa kobalti. Huenda msomaji wa Kolwezi akatabasamu hapa, na tabasamu hilo litakuwa chungu kidogo. Zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani hutoka Kongo, na sehemu kubwa ya hiyo hutoka katika ukanda huu, kuanzia mashimo makubwa ya Kamoto, Mutanda na Tenke Fungurume hadi Kasulo, ambako wachimbaji wadogo walizamisha visima vya madini chini ya sakafu za nyumba. Rangi iliyofanya kazi ya kuonyesha vidonda vya macho katika kliniki za Ulaya kwa miaka mingi inatokana na madini ya aina inayochimbwa hapa, ilhali taa yenyewe ndiyo inayokosekana pale paka wa Musonoi au Luilu anapolihitaji doa la kijani liamue kati ya dawa moja na nyingine.

Uamuzi huo una uzito, na Serikali ya Jimbo inaombwa kuupa nafasi kubwa kuliko sehemu nyingine za barua hii. Pasipo kliniki, mwenye paka huenda kwenye duka la dawa la mtaa, ambako muuzaji, kwa nia njema kabisa, humpa matone ya macho yaliyotengenezwa kwa ajili ya binadamu. Mengi ya matone hayo huchanganya antibiotiki na deksamethasoni, mojawapo ya dawa za kundi la steroidi, yaani dawa zinazotuliza uvimbe kwa kuuzuia mwili usishambulie. Katika jicho jekundu lisilo na kidonda, deksamethasoni huleta nafuu ya haraka inayompa muuzaji sifa. Katika konea iliyochubuka, dawa hiyohiyo huzuia seli zisizibe pengo, hupunguza ulinzi dhidi ya bakteria na huongeza kasi ya kuyeyuka, nayo ina hatari nyingine kwa paka hasa, kwa kuwa paka wengi hubeba tangu utotoni virusi vya hepesi vya paka, ambavyo hulala katika neva na kuamka mwili unapodhoofika, vikachora konea kwa vidonda vyenye umbo la matawi ya mti. Steroidi huviamsha. Kwa hiyo jicho huonekana jeupe na tulivu kwa siku mbili za kwanza, mwenye paka hushukuru, na siku chache baadaye jicho hutoboka.

Duka hilohilo huuza parasetamoli, na mwenye paka anayeona mnyama wake akiteseka huvunja nusu ya kidonge, kama anavyomvunjia mtoto. Ini la paka limepungukiwa na kimeng'enya ambacho kwa binadamu huifunga dawa hiyo na kuitoa mwilini, hivyo parasetamoli hubadilika kuwa sumu inayoharibu chembe nyekundu za damu zisiweze kubeba oksijeni, fizi zikawa za rangi ya udongo, uso ukavimba, na nusu ya kidonge ikatosha kumuua mnyama aliyekuja na mkwaruzo wa jicho. Haya hayasemwi kuwalaumu wauza dawa, ambao hawakufundishwa tiba ya wanyama na ambao hakuna mamlaka iliyowapelekea karatasi ya maelekezo. Kati ya vyote walivyo navyo rafuni, marhamu ya macho ya tetrasaiklini ya asilimia 1, ileile inayotumika dhidi ya trakoma, ndiyo inayoweza kumfaa paka kwa muda wa kusubiri mganga, kwa kuwa haina steroidi ndani yake.

Tiba yenyewe, mganga akiwapo, haihitaji hospitali ya kifahari. Kidonda cha juujuu huponywa kwa antibiotiki ya matone mara kadhaa kwa siku, dawa ya maumivu iliyopimwa kwa uzito wa paka, na kola yenye umbo la faneli, ambayo hukatwa hata kutoka kwenye katoni, ili mnyama asijikune. Kidonda kinachoyeyuka kinatibiwa kwa kitu ambacho hakinunuliwi popote: majimaji ya damu ya mnyama mwenyewe, au ya paka mwingine mwenye afya. Damu huchotwa kidogo, huachwa igande, huzungushwa kwenye mashine ya maabara hadi majimaji ya manjano yajitenge, kisha majimaji hayo hudondoshwa jichoni kila saa moja au mbili, kwa sababu yana vizuizi vya asili vinavyovifunga vile vimeng'enya vinavyokula kolajeni. Mashine hiyo ni ya kawaida katika maabara yoyote ya kupima damu, na jokofu dogo la kuhifadhia majimaji hayo kwa siku chache ni chombo ambacho wenye baa wote wa Kolwezi wanakimiliki.

Upasuaji unahitaji zaidi. Pale konea inapokaribia kutoboka, mganga hukata kipande cha utando laini unaofunika weupe wa jicho na kukishonea juu ya kidonda, ili kilete damu mahali pasipo na damu. Kazi hii hutaka miwani ya kukuza, uzi mwembamba kuliko unywele na dawa ya usingizi, mara nyingi ketamini ikichanganywa na nyingine. Pale jicho lilipopasuka au kutoka nje ya tundu lake kwa pigo la gari au la gongo, hulazimika kutolewa, na mwenye paka huhitaji kuelezwa kwa lugha anayoielewa kwamba paka wa jicho moja huruka, huwinda na huishi umri wake kamili. Kumwachia jicho lililokufa na kunyauka, kwa kumwonea huruma, ndiko kunakomdhuru, kwa maana jicho la paka lililopasuka lenzi linaweza kuzaa saratani kali miaka mingi baada ya ajali, na hatari hiyo, ambayo ni ya paka zaidi kuliko wanyama wengine wa nyumbani, huondoka na jicho lenyewe.

Waganga wanaoweza kazi hizo hufundishwa katika Kitivo cha Tiba ya Mifugo cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na kati ya Kolwezi na Lubumbashi kuna takriban kilomita 300, kupitia Fungurume na Likasi, katika barabara ambayo malori ya shaba, chokaa na asidi huigeuza safari ya saa chache kuwa ya siku nzima. Kwenda mbele zaidi, hadi Zambia, kunamaanisha kuvuka Kasumbalesa na mnyama ambaye ni lazima awe na hati za chanjo na afya, hati ambazo haziandikwi kwa saa zile ambazo konea inazo. Yule mwenye gari na dereva hufika. Mwuza unga wa soko, ambaye paka wake ndiye mlinzi wa magunia, hafiki.

Hapo pana swali la kihistoria ambalo halina budi kuguswa. Tiba ya mifugo iliingia Katanga, jimbo la zamani lililojumuisha Lualaba, kwa ajili ya nyama. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoanzishwa mwaka 1906 na iliyouzaa mji wa Kolwezi mwaka 1937, ilihitaji kuwalisha wafanyakazi wake, na kampuni kama Elakat zilifuga ng'ombe na kuleta nyama kwa miji ya migodi, huku uwanda wa juu wa Biano ukiwa malisho. Mganga wa mifugo alikuwa mtu wa ndorobo, majosho na machinjio. Sura hiyo imedumu katika huduma za serikali, ambamo mnyama huhesabiwa kwa kilo zake. Paka hana kilo za kuhesabiwa, na kwa hiyo hakuwekewa meza. Hata hivyo kazi yake katika miji hii ni ya kiuchumi kama ya ng'ombe: bukari, yaani ugali wa Lualaba, hupikwa kwa unga ambao sehemu kubwa yake huvuka mpaka kutoka Zambia, bei yake hupanda kila mpaka unapobanwa, na gunia lililotobolewa na panya ni hasara ambayo familia ya mchimbaji huihesabu kwa siku za kula. Kuna pia wanaomtazama paka, hasa mweusi, kwa jicho la bulozi, yaani uchawi, na paka mwenye jicho lililooza huongeza hofu hiyo mtaani; mganga anayemshika mnyama huyo mezani mbele ya watu na kueleza kidonda kwa kukimulika hufanya kazi ambayo mahubiri hayajaifanya.

Litatolewa pingamizi kwamba binadamu wengi wa jimbo hili hawajapata daktari wa macho, na kwamba kumdai mganga wa paka ni anasa. Pingamizi hilo ni la haki na halijibiwi kwa kulipuuza. Linajibiwa kwa kutazama vitu vyenyewe: fluoresini ni ileile, taa ni ileile, kosa la matone ya deksamethasoni kwenye kidonda huwapofusha watu kama linavyowapofusha paka, na duka linaloelekezwa kwa ajili ya mmoja limeelekezwa kwa ajili ya wote wawili. Linajibiwa pia kwa kutazama mikono ya anayemshika paka. Mnyama mwenye maumivu ya jicho huuma, na kuumwa na paka asiyechanjwa, katika nchi ambamo kichaa cha mbwa bado kipo, ni suala la afya ya umma, kwa kuwa ugonjwa huo ukishaonyesha dalili kwa binadamu huua karibu kila mara, na kinga yake ni kuosha jeraha kwa maji na sabuni kwa dakika 15 na kupata chanjo bila kuchelewa. Shirika la Afya Duniani na mashirika wenzake ya chakula na ya afya ya wanyama yamejiwekea mwaka 2030 kuwa ukomo wa vifo vya watu vitokanavyo na kichaa kinachoenezwa na mbwa. Meza ya kliniki ya wanyama wadogo ndipo mbwa na paka huchanjwa, na ndipo mnyama wa kutiliwa shaka huonekana mapema.

Wala mfano hauko mbali na ulimwengu wa Waswahili. Lamu, mji mdogo wenye vichochoro visivyopitika kwa gari, una zahanati ya punda tangu mwaka 1987, iliyofunguliwa na shirika la hisani la Uingereza, kwa sababu ilieleweka kwamba mawe, mchanga na maji ya mji huo hubebwa mgongoni mwa punda, na hakuna aliyeona kwamba punda wa Lamu alimnyang'anya mtu wa Lamu kitanda cha hospitali.

Kuhusu fedha, maneno machache yanatosha. Sheria namba 18/001 ya tarehe 9 Machi 2018, iliyorekebisha Kanuni ya Madini ya mwaka 2002, inalipa jimbo asilimia 25 ya mrabaha wa madini na kuzipa mamlaka za mahali asilimia 15, na inazitaka kampuni za migodi zitenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zinazozizunguka. Meza ya chuma, taa yenye kichujio cha buluu, pakiti za karatasi za fluoresini, mashine ya kuzungusha damu, jokofu na mshahara wa mganga mmoja mwenye msaidizi ni gharama ambazo, zikiwekwa kando ya mrabaha wa mgodi mmoja, hazionekani. Serikali ya Jimbo inaombwa iitenge meza hiyo ndani ya majengo ya IPAPEL mjini Kolwezi, impangie mganga ambaye kazi yake iliyoandikwa ni mbwa na paka badala ya kumwachia afanye hivyo baada ya saa za machinjio, na ikubaliane na Kitivo cha Lubumbashi ili wanafunzi wa mwaka wa mwisho waje Kolwezi kwa zamu, jambo ambalo litawapatia wao majeraha ya kujifunzia na kuupatia mji mikono ya ziada.

Kabla ya meza hiyo kuwapo, lipo jambo moja lisilogharimu zaidi ya karatasi na gundi, nalo laweza kutolewa na ofisi ya mkaguzi kabla vumbi la kiangazi kijacho halijaanza. Ni tangazo la kubandikwa kwenye kila duka la dawa la Dilala na Manika, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, kwa herufi zinazosomeka kutoka upande wa mnunuzi: kwamba jicho la paka lililoumia lisiwekewe matone yenye deksamethasoni wala steroidi nyingine yoyote mpaka lipimwe, kwamba paka hapewi parasetamoli, hata punje, kwamba jicho lililomwagikiwa chokaa au asidi lisuuzwe papo hapo kwa maji safi mengi, kwa dakika zisizopungua 15, kwamba jicho lililotoka nje lisisukumwe kwa kidole bali lifunikwe kwa kitambaa safi chenye maji ya chumvi ya hospitali, na, chini kabisa, namba ya simu ya mganga wa mifugo aliye zamu, nafasi ambayo kwa sasa ofisi ya mkaguzi ndiyo inayoweza kuijaza.